Mwaka Mwalimu Gwandu Aliposingiziwa Ulevi

Mwezi uliopita, kwenye mazishi ya Mwalimu Gwandu, nilicheka. Nilijificha ndani ya kitenge, nikajikohoza, nikajifanya nafuta kamasi, lakini mabega yalinisaliti. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu akanigusa akasema, "Pole sana mwanangu, kazi ya Mungu." Mchungaji aliyekuwa anaongoza ibada alikuwa kijana mgeni, hakumjua marehemu. Alisoma wasifu kama alivyopewa: mwalimu wa shule za msingi, mzee wa kanisa, adui wa pombe tangu ujana wake hadi kaburini. Alipofika hapo kwenye pombe, Mama Safari, mjane wa Mwalimu, aligeuza shingo kutoka kwenye mkeka wa mbele akanitazama. Macho yalikuwa mekundu ya kulia, ila mdomo ulikuwa unahangaika na jambo jingine kabisa. Akainamisha kichwa haraka. Jioni, watu walipopungua, alinikuta jikoni nikisuuza vikombe akaniambia, "Marselina, lile jambo liandike wewe. Mimi nikianza kusimulia nacheka kabla sijafika popote, na sasa si wakati wangu wa kuonekana nacheka."

Basi naandika. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini, lami ndiyo kwanza inaingia Karatu, na vumbi jekundu lilikuwa bado linaingia hadi kwenye sukari. Nilikuwa na kazi katika jiko la kempu moja ya watalii, kumenya viazi na kukwangua masufuria waliyounguza wapishi. Nilipanga chumba nyumbani kwa Mwalimu Gwandu, aliyekuwa amestaafu. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, mbele mashamba ya ngano, nyuma zizi la ng'ombe wawili na ndama. Kati ya chumba changu na sebule yao palikuwa na ubao wa plaiwudi tu, mwembamba kiasi kwamba Mwalimu akifungua gazeti nilisikia. Sikuwa nasikiliza kwa makusudi, angalau mwanzoni. Lakini mtu akiishi nyuma ya plaiwudi anajifunza nyumba ya watu kama anavyojifunza redio: ukishazoea, siku wakinyamaza unapata wasiwasi. Nilikuwa pia nakula kwao, makande au ugali na mboga ya mnafu na maziwa mgando, kwa sababu Mama Safari hakuamini kwamba binti anaweza kupika chakula cha mtu mmoja bila kuugua huzuni.

Mwalimu alikuwa mrefu, mkavu, na aliichukia pombe kwa namna ambayo watu wengine huchukia nyoka. Mtu akipita njia inayotoka kilabuni, hata kama alikuwa anatafuta mbuzi wake, Mwalimu hakumpa mkono. Dawa ya kikohozi hakunywa mpaka mkewe asome maandishi yote ya kwenye chupa kwa sauti. Hata maziwa yakiganda kupita kiasi aliyanusa, akayasogeza pembeni, akasema, "Haya yanaelekea kubaya." Alikuwa pia na kisukari. Kila asubuhi alimeza kidonge chake cha sukari kabla ya kula, kisha akanywa chai isiyo na kitu huku akitutazama sisi wenye vijiko kama mtu anayetazama watenda dhambi kwa upendo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa kinyume chake. Huyo ni Mzee Lemburis, Mmasai wa Endulen, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi. Walijuana tangu Mwalimu alipofundisha kule ujanani. Kila siku ya mnada Mzee Lemburis aliteremka Karatu, akafikia hapo, akaegesha fimbo yake nyuma ya mlango na kuanza kumchokoza mwenyeji wake kabla hajaketi. Naye alikuwa na sukari. Wazee wale wawili walikaa sebuleni wakilinganisha magonjwa yao jinsi watu wanavyolinganisha mafahali.

"Ya kwangu ilipanda mpaka nesi akaita nesi mwingine aje aone," Mzee Lemburis alisema siku moja.

"Ya kwangu haijawahi kunitia aibu namna hiyo," Mwalimu akajibu.

"Kwa sababu huli nyama. Mtu asiyekula nyama hata ugonjwa wake ni mdogo."

Nyumba nzima tuliijua sukari kama kitu kinachopanda. Kupanda ndiko kulikoogopwa, kupanda ndiko kulikoombewa. Kwamba inaweza pia kushuka, na kwamba kushuka kwake ndiko kunakoweza kukuangusha palepale ulipo, hilo sebuleni kwetu halikuwahi kutajwa.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Karatu inayomfanya mtu alale na sweta na soksi. Mwalimu akaanza kwenda msalani kila mara. Nilisikia mlango wa nyuma, nikasikia hatua zake, nikasikia na mguno mmoja mdogo uliotoka huko nje, kisha akarudi. Mama Safari alivumilia, mwisho akauliza. Mwalimu akanung'unika kitu. Akauliza tena. Ndipo nikasikia, wazi kabisa, kupitia ubao wangu: "Naungua nikikojoa. Haya, umefurahi?"

"Nenda kliniki yako basi."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Yule nesi nimemfundisha darasa la tatu! Nimfundishe jedwali la kuzidisha, leo nikamwambie mambo ya huku chini?"

Akaenda kwenye zahanati moja ya upande wa pili wa mji, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Mganga alimuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. Mwalimu akasema hapana. Haya aliniambia mwenyewe baadaye, na hakuona kwamba alidanganya. Kidonge cha sukari alikuwa amekimeza kwa miaka mingi kiasi kwamba kwake kilikuwa sehemu ya chai. Tena alihofia kwamba akitaja sukari, mganga atamwambia arudi kliniki kwake, kwa yule nesi. Akapewa vidonge vikubwa vyeupe, dawa ya kuua vijidudu ya jamii ya salfa, akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeponyoka.

Jumapili iliyofuata alipangiwa kuzungumza na vijana kanisani. Mada, niseme ukweli, ilikuwa madhara ya pombe. Alisimama vizuri, akafungua vizuri, kisha nikaona jasho linamtiririka usoni katika ile baridi ambayo sisi wengine tulikuwa tunapuliza viganja. Mikono ikaanza kutetemeka. Maneno yakawa mazito mdomoni, yakaburuzika. Akanyamaza, akatazama watu wote kwa hasira, kisha akaanza kuita majina ya mahudhurio ya darasa fulani la zamani. "Safari! Yupo. Paskali! Paskali hayupo tena leo?" Watu wakadhani ni mfano. Akamgeukia Mzee Tluway, mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa, mtu mnene mwenye heshima zake, akamwamuru atoke nje akapige magoti kwa kuchafua daftari. Mchungaji akamshika kiwiko taratibu. Mwalimu akajichomoa, akayumba hadi mbele palipowekwa sadaka za mavuno, akachukua mkungu wa ndizi mbivu uliotolewa na kina mama, akaketi sakafuni akaanza kula. Alikula ndizi moja baada ya nyingine, maganda akiyapanga vizuri pembeni. Ibada ilipokuwa inaelekea mwisho akainua kichwa, akatazama maganda, akauliza kwa sauti yake ya kawaida ya kiualimu, "Nani amekula sadaka?"

Mji wa Karatu wakati ule ulikuwa mdogo. Kabla sijafika kempu kuanza zamu yangu, wapishi walikuwa wameshapata habari. "Mwenye nyumba wako kumbe naye anapiga vitu!" mmoja aliniambia, na waongozaji watalii waliokuwa wanasubiri chai wakacheka mpaka wageni wao wakataka kutafsiriwa. Nilikasirika kuliko nilivyotegemea. Nyumbani sebule ilikuwa kimya, ule unyamavu niliouogopa. Hatimaye nikamsikia Mwalimu akimuuliza mkewe, polepole, "Mama Safari, nilinuka?"

"Hukunuka chochote."

"Sasa nililewa nini?"

Swali hilo lilimtesa. Hakukumbuka zaidi ya nusu ya alichofanya, na mtu asiyekumbuka hawezi kujitetea. Alifikiri siku nzima kama mpelelezi, na mwisho akapata mshukiwa: maziwa mgando. Alishawishika kwamba gudulia la wiki ile lilichacha mpaka likawa pombe, naye akanywa bila kujua. Akayapiga marufuku. Kisha, alipoletewa taarifa kwamba baraza la wazee litamtembelea kumhoji, akaamua pia kufunga, ili siku hiyo asiwe na kitu chochote tumboni cha kusingiziwa. Vidonge hakuacha. Alikuwa mtu wa nidhamu. Alimeza cha sukari, akameza na vile vikubwa vyeupe, vyote juu ya maji matupu. Leo nafanya kazi ya kutoa dawa hospitalini, na kila nikiikumbuka asubuhi ile nywele zinanisimama. Wakati ule nilimwona nikafikiri, mzee anajiandaa kiroho.

Baraza likaja mchana, watu watatu, Mzee Tluway akiongoza. Mzee Lemburis naye alikuwa amefika asubuhi kwa ajili ya mnada, akakataa kuondoka aliposikia kinachokuja. "Rafiki yangu anahukumiwa, mimi niende kuuza kondoo?" Akakaa kwenye kona, fimbo magotini. Nilikuwa na mapumziko siku hiyo, kwa hiyo mimi ndiye niliyepika chai na kuigawa. Ya Mwalimu nilimpa bila sukari kama kawaida. Mzee Tluway akajitilia vijiko vya kutosha kulisha nyuki.

Wakasali. Mzee Tluway akafungua kikao kwa sauti ya huzuni. "Ndugu Mwalimu, kanisa linakupenda. Lakini kanisa lina macho."

"Na pua," Mzee Lemburis akasema kutoka kwenye kona. "Mnuseni kwanza."

Aibu ikawapata, lakini ni kweli ndilo walilotaka. Mzee Tluway akainuka, akasogeza pua karibu na mdomo wa Mwalimu, akaomba apumue. Mwalimu akapumua. Mzee Tluway akanusa, akafikiri, akanusa tena. "Sisikii," alisema, kwa masikitiko kidogo. Na hapo ndipo nilipoona jasho. Lilianzia kwenye mdomo wa juu, kisha paji lote. Mwalimu alimtazama Mzee Tluway aliyekuwa bado ameinama mbele yake, akamwambia, "Simama mstarini. Kucha zako nimeshaziona." Ulimi ulikuwa umeanza kuburuta. Wale wazee wengine wawili wakatazamana kama watu waliopata walichokuja kutafuta. Mama Safari akaanza kulia palepale, bila sauti, na hapo kicheko chote kiliniisha. Nilimwona mume wake akipotea mbele ya macho yake na hakuna kati yetu aliyejua anakwenda wapi.

Kilichomwokoa ni njaa yake. Alinyoosha mkono unaotetemeka, akakipita kikombe chake mwenyewe, akachukua cha Mzee Tluway, akakinywa chote kwa pupa, kisha akachukua sukari kwenye bakuli kwa vidole akaitia mdomoni. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Tulikaa tukimtazama. Baada ya muda jasho likapungua, macho yakatulia, na Mwalimu akajinyoosha kwenye kiti akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, "Tuendelee. Mlikuwa mnasema kanisa lina macho."

Mzee Tluway alikuwa bado amesimama. "Nimeona watu wengi wakilewa," alisema. "Sijawahi kuona mtu akilewa na kulevuka juu ya kikombe kimoja cha chai."

Mzee Lemburis akapiga fimbo sakafuni. "Huyu hajalewa! Sukari imemkimbia! Mimi ilinipata huo mwaka mwingine, nilimtukana mama mkwe wangu, ng'ombe watatu ilibidi niwatoe." Akaingiza mkono ndani ya lubega lake, akatoa peremende kibao, akamwekea Mwalimu mapajani. "Tangu siku hiyo natembea na hizi. Nesi wa kwetu aliniambia: ukianza kutetemeka, kula, halafu njoo haraka. Twendeni hospitali. Sasa hivi."

Basi tukaenda, sote, kwa pikapu iliyokuwa imeleta kondoo wa Mzee Lemburis, nao kondoo wakiwa bado humo. Mwalimu na mkewe walikaa mbele. Baraza la wazee wa kanisa lilipanda nyuma nami, kwa sababu kikao kilikuwa hakijafungwa rasmi na Mzee Tluway hakutaka kukosa mwisho wake. Njiani kondoo mmoja alimlalia miguuni, naye hakumwondoa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye miwani. Alimpima Mwalimu kwa tone la damu, akakunja uso, akaagiza apewe kitu cha kula na kupimwa tena baadaye. Kisha akauliza dawa anazotumia. Mwalimu akasema, "Ya sukari tu." Lakini Mama Safari, ambaye kwa bahati alibeba kopo zima la dawa kutoka nyumbani, alilifungua akamwaga vyote mezani, na nadhani hapo ndipo nilipochagua kazi ya maisha yangu, ingawa wakati huo nilikuwa nimeziba mdomo kwa kiganja. Daktari akaanza kuvitenga kwa kalamu.

"Hii ni ya sukari. Sawa. Hii?"

"Ya presha," alisema Mama Safari. "Ni yangu."

"Mwalimu, umewahi kuitumia?"

Mwalimu akatazama dirishani. "Kichwa kikiniuma. Kidogo."

"Hii je, kubwa hivi?"

"Hiyo ni ya minyoo ya ndama," alisema Mama Safari.

Daktari akavua miwani. "Na yenyewe umewahi?"

"Nusu," alisema Mwalimu Gwandu.

Nyuma yangu nikamsikia Mzee Lemburis akitoka nje kwenda kucheka kwa heshima. Ndipo kalamu ikafika kwenye vile vikubwa vyeupe, na daktari hakuuliza kwa utani tena. Alitaka kujua vimetoka wapi, kwa ajili gani, tangu lini. Mwalimu akamtazama mkewe, akalitazama baraza la wazee lililobanana mlangoni, na akasema kwa sauti ndogo sana kwamba alikuwa anaungua. Daktari akaandika tu, kama mtu aliyeambiwa kwamba nje kuna mawingu. Kisha akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Mwalimu, hii dawa nyeupe si mbaya. Na ya sukari si mbaya. Lakini zikikutana mwilini, hii inaifanya ile ya sukari iwe na nguvu kupita kipimo chako. Sukari inashuka mno. Ubongo ukikosa sukari mtu anakuwa kama mlevi, na ikizidi anazimia, na anaweza asiamke. Wewe umezimeza bila kula. Na kwa umri wako figo hazitoi dawa haraka kama zamani."

"Kwa hiyo niache ya sukari?"

"Usiache wala usipunguze chochote bila kutuuliza. Hilo tutapanga sisi. Kazi yako ni moja: kila mtu anayetaka kukupa dawa, mwambie zote unazotumia. Zote. Hata ambazo unaziona ni mazoea tu. Hata za kienyeji." Akaligonga kopo. "Na ya ndama mwachie ndama."

Walimlaza, kwa sababu dawa ile hukaa mwilini, na daktari alisema sukari inaweza kushuka tena hata baada ya kula. Na kweli ilishuka tena, ila mara hii kulikuwa na watu wanaoangalia. Wakambadilishia ile nyeupe kwa nyingine isiyogombana na sukari, na kipimo cha dawa yake ya kila siku wakakitazama upya. Mama Safari alikaa kando ya kitanda chake akimlisha uji na kumsema, uji kijiko, maneno kijiko. Nilipowapelekea chakula nilimkuta Mwalimu amemshika mkono hadharani, jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani.

Ilibaki heshima yake. Mzee Tluway, ambaye alikuwa mtu wa haki, alijitolea kutangaza mwenyewe Jumapili. Akasimama mbele, akakohoa, akasema, "Wapendwa, tumechunguza. Ndugu yetu Mwalimu Gwandu hakuwa na pombe. Yalikuwa ni madawa."

Kanisa likavuta pumzi kwa pamoja. Mama mmoja akasema, "Yesu!" Vijana wa kwaya wakageukiana, na kwenye viti vya nyuma nikasikia mtu akiuliza, kwa mshangao ulio na heshima ndani yake, kwamba mzee anayapata wapi. Mzee Tluway akaona ameharibu, akajaribu kutengeneza: "Yaani, alikuwa anachanganya." Ikawa mbaya zaidi.

Mwalimu akainuka. Nilikuwa nimekaa karibu na Mama Safari na nilihisi vidole vyake vikiingia kwenye mkono wangu. Mwalimu alikuwa na njia mbili tu: akae kimya, awe mvuta bangi wa Karatu, au aseme yote. Na pale kwenye safu ya kwanza ya kwaya, amevaa joho jeupe, alikuwa yule nesi wa kliniki, mwanafunzi wake wa darasa la tatu. Mwalimu alimtazama yeye, si watu wengine.

"Nilikuwa naungua nikikojoa," alisema, kwa sauti ya kufundishia, ile inayofika dawati la mwisho. "Nikaona aibu kumwambia aliyepaswa kuambiwa. Nikaenda pengine, nikaficha kwamba natumia dawa ya sukari. Zile dawa mbili zikakutana mwilini mwangu zikaniangusha. Hakuna pombe, hakuna bangi. Ni aibu tu. Swali?"

Hakuna aliyecheka. Kisha mzee mmoja wa Buger, mkulima, akanyoosha mkono kutoka katikati ya benchi akauliza, kwa wasiwasi mkubwa, kama dawa ya presha na dawa ya miguu zinaelewana. Bibi mwingine akauliza kuhusu za malaria. Mchungaji alitazama saa, akatazama watu, akaketi. Yule nesi akatoka kwenye kwaya na joho lake, akasimama karibu na mwalimu wake, wakajibu pamoja. Na kila asilolijua alisema wazi, hilo njooni nalo kliniki, na njooni na makopo yenu. Wimbo wa mwisho hatukuimba.

Mwaka ulipoisha nikapata nafasi ya kusomea famasia Arusha. Mwalimu alinisindikiza stendi yeye mwenyewe, akibeba begi langu dogo kwa sababu kubwa nilikataa. Tulikaa kwenye benchi la duka la dawa kusubiri basi, na vumbi na kelele za wapiga debe vikamletea maumivu ya kichwa. Akamwomba kijana wa dukani panadoli. Kijana akaitoa. Mwalimu hakuipokea. Akavaa miwani, akauliza inaitwaje kwa jina lake halisi, akataja dawa yake ya sukari na kipimo chake, akataja ya kibofu aliyokwisha kumaliza, akauliza kama hii inagombana na ipi kati ya hizo, anywe kabla ya chakula au baada, na figo zake za umri ule zitasemaje. Kijana alijibu alichoweza, akaenda kusoma boksi, akarudi, akaulizwa tena. Wateja wakajipanga nyuma. Basi langu likasimama mbele ya duka, likapiga honi. Nikiwa nimeweka mguu mmoja mlangoni, yule kijana akaniinamia kutoka dirishani mwa duka lake, jasho likimtoka, akaninong'oneza:

"Dada, huyu mzee ni daktari?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni mgonjwa."